Mwanga wa Anga Katika Nyumba za Rungwe

Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi mwanga wa mchana unavyoweza kuingizwa katika nyumba za watu wilayani Rungwe, hasa katika mji wa Tukuyu na vijiji vinavyouzunguka. Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la mafundi waashi liletwe mbele ya wataalamu wa lugha. Jibu ni kwamba mambo haya mawili hayakutengana. Shauri apewalo mwenye nyumba hutegemea maneno yanayotumika kulitolea, na katika jambo hili neno moja, yaani mwanga, limebebeshwa vitu viwili vilivyo mbalimbali. Kwa sababu vitu hivyo havikutengwa, nyumba si chache za Rungwe zimejengwa kana kwamba ziko Tanga au Dar es Salaam, na mama achambuaye maharage jikoni hana budi kuwasha taa saa sita mchana, hali nje ni kweupe.

Anga na mwanga

Tuanze na lugha yenyewe. Maneno anga, mwanga, mwangaza, angavu, kianga, pamoja na kitenzi angaza, yana shina moja. Anga ni uwazi mkubwa ulio juu yetu, na pia ni weupe utokao huko. Mwanga ni kile kituwezeshacho kuona. Kianga ni jua lichomozalo baada ya mvua kukatika. Kuangaza ni kutia mwanga mahali penye giza, lakini twasema pia kuangaza macho, maana yake kuyafumbua na kukaa macho. (Hapa hatuna haja na mwanga wa ngeli ya watu, ambaye wingi wake ni wanga, huyo ni mchawi wa usiku, na nyumba yenye madirisha mema haimfai.) Yaonekana basi kwamba lugha imeufunga mwanga na anga kwa kifundo kimoja, wala haikusema kwamba mwanga wote ni wa jua.

Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku twasema mwanga wa jua kwa kila mwanga wa mchana, na hapo ndipo kosa huanza. Kwa kweli mwanga wa mchana hutufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni miale itokayo kwenye jua moja kwa moja. Miale hiyo hufuata mstari ulionyoka, hutupa kivuli chenye ukingo dhahiri, na huchukua joto jingi. Njia ya pili ni ule mwanga ambao kwanza umetawanywa na hewa na mawingu, kisha ukatushukia kutoka pande zote za anga. Mtu akisimama uwanjani siku ya mawingu na kunyosha mkono wake, hataona kivuli chake chini. Lakini akifungua kitabu atakisoma bila taabu. Huo ndio mwanga wa anga. Katika makala hii nitautumia msemo huo kwa maana hiyo tu, na mwanga wa jua nitautumia kwa miale ya moja kwa moja.

Wataalamu hupima mwanga kwa kipimo kiitwacho laksi. Jua la saa sita katika nchi zetu, pasipo wingu, hutoa karibu laksi 100,000 juu ya ardhi. Siku ya mawingu mazito mwanga wa anga peke yake huwa kama laksi 10,000, na mara nyingi huzidi. Mtu asomaye au ashonaye atosheka na laksi 300 mezani pake. Kibatari cha mafuta ya taa, kwa umbali wa mita moja, hakitoi zaidi ya laksi chache. Tukizilinganisha hesabu hizi twaona kwamba hata siku ambayo mtu wa Tukuyu husema hakuna jua, nje ya mlango wake umo mwanga wa kusomea zaidi ya mara 30. Kilichopungua ni njia ya kuuingiza ndani.

Nchi yenyewe

Mji wa Tukuyu, ambao wakati wa utawala wa Wajerumani uliitwa Neu-Langenburg, uko kusini mwa Mlima Rungwe, ambao kilele chake kina karibu mita 2,960. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya volkano, yenye udongo mweusi wa rutuba, migomba, chai, kahawa na maparachichi. Mvua yake ni miongoni mwa mvua nyingi kabisa Tanzania: huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mawingu yatokayo upande wa Ziwa Nyasa hukwea mteremko na kutanda juu ya vijiji, na katika miezi ya Juni na Julai ukungu na baridi humfanya mtu avae koti mchana.

Mtu akishuka kutoka Tukuyu hadi Kyela, safari fupi ya gari, hukuta nchi nyingine. Ziwa Nyasa liko kwenye mwinuko wa karibu mita 475 tu, na kwa kuwa hewa hupoa kwa kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, Kyela ina joto na jasho wakati Tukuyu ina ubaridi. Zamani nchi hizi mbili zilikuwa wilaya moja, na hata leo watu wake ni wamoja kwa lugha na ukoo. Lakini nyumba ifaayo Kyela haifai Tukuyu bila kubadilishwa. Nchi ya joto si moja; na shauri litolewalo kwa nchi za joto zote kwa jumla laweza kuwa kweli mahali pamoja na kuwa hasara mwendo wa saa moja au mbili kutoka hapo.

Nyumba ya pwani

Maneno yetu mengi ya nyumba yametoka pwani, na fikira zetu nyingi juu ya nyumba zimekuja pamoja na maneno hayo. Dirisha ni neno lenye asili ya Kiajemi. Shubaka lina asili ya Kiarabu. Kwa hiyo yafaa tuitazame nyumba ya pwani kabla ya kuihukumu ya bara.

Nyumba ya mawe ya Lamu, kwa mfano ile ya karne ya 18, huupa ukuta mgongo upande wa njia, na kufungua uso wake ndani, kwenye uwanja usioezekwa. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wake hutegemea urefu wa boriti za mikoko, ambazo hazifiki mbali kupita mita 3 hivi. Vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine kutoka uwanjani, na kila kilicho nyuma kina giza kuliko cha mbele. Kuta hupakwa chokaa nyeupe, na katika chumba cha ndani huwekwa zidaka zilizopambwa. Hapa jua ni adui wa nyumba. Uwanja huruhusu mwanga wa anga ushuke, chokaa huupokeza chumba hadi chumba, na miale ya jua huachwa nje. Utusitusi wa chumba cha ndani huko pwani ni sehemu ya ubaridi wake. Mtu ameununua kwa kujua.

Msomaji aone vema mambo mawili. La kwanza, fundi wa Lamu alitenga mwanga wa anga na mwanga wa jua kwa matendo, ingawa hakuwa na istilahi ya kufanya hivyo. La pili, aliyechukua kutoka kwake dirisha dogo na paa lililotokeza, akaacha uwanja na chokaa, amechukua giza na kuacha dawa yake.

Nyumba ya zamani ya Wanyakyusa

Wanyakyusa walikuwa wajenzi hodari. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita nchini mwao mwaka 1879, aliustaajabia usafi wa vijiji vyao na uzuri wa nyumba zao. Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey alifanya uchunguzi Rungwe katika miaka ya 1930, aliandika kwa urefu juu ya vijiji vya marika, ambamo vijana wa umri mmoja walitoka kwa baba zao na kujijengea mahali pao wenyewe. Katika nchi ya namna hiyo kila mwanamume alipaswa kujua kujenga. Kuta zilikuwa za mianzi, na nafasi za kati zikajazwa udongo uliofinyangwa. Paa lilikuwa la nyasi, lenye kushuka chini sana ili mvua isiufikie ukuta. Ng'ombe nao walilala ndani ya nyumba pamoja na mwenyewe.

Nyumba hiyo ilikuwa na giza, na hapakuwa na mtu aliyelalamika. Sababu yake si ngumu kuiona. Nyumba ilikuwa mahali pa moto, pa usingizi na pa ng'ombe. Kazi zilizohitaji macho zilifanyika uani na chini ya migomba. Mtu aliingia ndani kukimbia mvua na baridi, na mlango ulitosha kwa mwanga mdogo alioutaka. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba wazee walikosea. Nyumba yao ilitimiza kazi waliyoipa.

Nyumba ya sasa

Siku hizi nyumba ya Rungwe imepewa kazi mpya. Mtoto husomea ndani. Fundi cherehani hushona sebuleni. Mama hupima unga, huchagua mchele na kusoma maandishi madogo ya chupa ya dawa. Mzee ambaye macho yake yamepungua nguvu hukaa kitini mchana kutwa kwa sababu nje kunanyesha. Nyasi zimeacha nafasi kwa bati, na mianzi kwa matofali ya kuchoma. Lakini katika nyumba nyingi kazi hizi mpya zimeingia bila kuletewa mwanga mpya.

Sababu ni kadhaa, na kila moja ina hoja yake. Dirisha hufanywa dogo kwa kuogopa baridi na wezi, na kwa kuwa kioo na nondo ni ghali. Bati hutokezwa sana kwa ajili ya mvua. Vyumba hupangwa huku na huku, na kati yao hupita korido ambayo haina dirisha hata moja. Migomba hupandwa karibu na ukuta, kwa kuwa ardhi ni kidogo na majivu ya jikoni huirutubisha. Tena iko tabia mpya, ya kutia madirishani vioo vyenye rangi ya kahawia au ya buluu. Vioo hivyo hupendeza kwa nje, na katika mji wa joto hupunguza ukali wa jua. Lakini huweza kuzuia nusu ya mwanga au zaidi, na huzuia mwanga wa anga sawasawa na wa jua. Mtu wa Tukuyu aviwekapo amenunua kwa fedha kitu ambacho mawingu humpa bure.

Mpaka wa anga

Kabla ya kutaja dawa, yapasa kueleza kipimo, na kipimo hiki hakihitaji chombo. Mtu akae mahali anapokusudia kuweka meza, macho yake yakiwa sawa na uso wa meza, yaani kama sentimita 75 kutoka sakafuni, atazame dirishani. Je, aiona anga, hata kipande kidogo? Ikiwa aiona, meza hiyo itapata mwanga wa anga moja kwa moja. Ikiwa haioni, meza itapata tu mwanga uliokwisha kugonga ukuta au majani na kurudi, nao ni hafifu. Akiendelea kurudi nyuma hatua kwa hatua atafika mahali ambapo anga yapotea. Akichora mstari hapo sakafuni, atakuwa ameugawa mchana wa chumba chake katika sehemu mbili. Mstari huo napendekeza tuuite mpaka wa anga.

Tutoe mfano. Dirisha lina ukingo wa juu wa mita 2.1 kutoka sakafuni. Meza iko mita 2 ndani ya chumba. Bati limetokeza sentimita 60, na ukingo wake uko mita 2.3 kutoka chini. Kutoka mezani, bati laificha anga yote iliyo juu ya digrii 31 hivi. Sasa mgomba wenye urefu wa mita 4 umepandwa mita 3 kutoka ukutani. Kutoka meza ile ile, kilele chake kiko kwenye digrii 33. Maana yake, mahali ambapo bati laishia mgomba wapokea, wala hapabaki anga hata upana wa kidole. Mgomba huo huo ukipandwa mita 10 kutoka ukutani, kilele chake hushuka hadi digrii 15, na nusu ya mwanya hufunguka. Hakuna tofali lililoongezwa wala kioo kilichonunuliwa. Mwenye nyumba amehamisha mgomba tu.

Wataalamu wana kipimo kingine kwa siku ya mawingu: kati ya sehemu 100 za mwanga ulio nje, ni ngapi zinafika mezani? Zikifika 2, na nje kuna laksi 10,000, meza ina laksi 200. Zikifika 3, ina laksi 300, nazo zatosha kazi ya macho. Kipimo hiki twaweza kukiita fungu la anga. Kuongeza fungu hilo kutoka nusu ya sehemu hadi sehemu 2 ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa mwenye nyumba wa kawaida, kama tutakavyoona.

Njia za kuingiza mwanga

Njia ya kwanza ni kimo cha dirisha. Kwa kawaida mwanga wenye manufaa hufika ndani kwa umbali wa mara mbili ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha. Ukingo wa mita 2.1 hutoa kama mita 4. Ukingo wa mita 1.6 hutoa kama mita 3 tu. Kwa hiyo, ikiwa fedha ni za dirisha moja la kadiri fulani, ni afadhali liinuliwe lifike chini ya lenta kuliko kupanuliwa upande. Dirisha refu lina faida nyingine tena. Siku ya mawingu anga ya utosini huwa na mwanga mara tatu kuliko anga ya ukingoni mwa dunia. Kanuni hiyo ilieleza na P. Moon na D. E. Spencer mwaka 1942, ikakubaliwa na wataalamu wa mataifa mwaka 1955. Kadiri dirisha linavyoona anga ya juu ndivyo lipatavyo mwanga ulio bora.

Njia ya pili ni upande wa dirisha. Tukuyu iko karibu digrii 9 na robo kusini mwa Ikweta. Jua la saa sita hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 25 Februari na tarehe 17 Oktoba. Kati ya Februari na Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na mwezi Juni huwa digrii 57 juu ya upeo. Kati ya Oktoba na Februari huwa upande wa kusini, na mwezi Desemba hufika digrii 76. Basi bati lililotokeza sentimita 60 hutia kivuli mwezi Juni kwenye sentimita 93 tu za ukuta wa kaskazini, lakini mwezi Desemba hutia kivuli kwenye mita 2 na theluthi za ukuta wa kusini. Tafsiri yake kwa mjenzi ni hii: dirisha la kaskazini huingiza jua katika miezi ya baridi, na dirisha la kusini huingiza mwanga wa anga karibu mwaka mzima pasipo jua la adhuhuri. Madirisha ya mashariki na magharibi hupata jua la chini, ambalo hupita chini ya kila paa. Huko Kyela hilo ni la kukwepa. Huko Tukuyu, asubuhi ya Julai, jua la mashariki ni mgeni wa kukaribishwa.

Njia ya tatu ni rangi. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe hurudisha karibu sehemu 80 katika 100 za mwanga uupigao. Ukuta wa udongo hurudisha kama 30 au pungufu, na ukuta wenye masizi hurudisha kama 5 tu. Sehemu za nyuma za chumba, zilizo nje ya mpaka wa anga, hutegemea mwanga huo wa kurudishwa peke yake. Kupaka chokaa dari na ukuta unaotazamana na dirisha ndiyo kazi yenye gharama ndogo kuliko zote katika orodha hii. Jikoni, mahali ambapo masizi huila chokaa kwa miezi michache, dawa ya kwanza ni kuutafutia moshi njia ya kutoka; pasipo hivyo chokaa ni kazi bure, na mapafu ya wapishi hudhurika kuliko macho yao.

Njia ya nne ni paa. Chumba cha katikati na korido, ambazo hazina ukuta wa nje, haziwezi kusaidiwa na dirisha lolote. Bati moja la kupitisha mwanga, likiwekwa mahali pa bati moja la kawaida na kupigiliwa vema, huitazama anga ya utosini, ambayo tumekwisha kuona kwamba ndiyo yenye mwanga mwingi. Ikiwa nyumba ina dari, hapana budi kutoboa dari pia na kujenga kama kisanduku cheupe kutoka batini hadi darini. Mabati haya yana hasara zake: yaliyo duni hugeuka manjano na kupasuka kwa jua, hudondosha umande ndani usiku wa baridi, na chumba kikipewa mengi huwa kama tanuri kukiwa na kianga. Bati moja kwa chumba kidogo latosha.

Msomaji huenda amesikia habari za chupa ya maji. Mwaka 2002 Alfredo Moser, fundi wa mji wa Uberaba nchini Brazili, alitia maji na dawa kidogo ya kuondoa madoa katika chupa ya plastiki ya lita mbili, akaipenyeza kwenye bati, nusu nje na nusu ndani. Maji hupinda miale ya jua na kuitawanya chumbani. Tangu mwaka 2011 Illac Diaz na wenzake wa Ufilipino wameieneza kazi hiyo kwa jina la Liter of Light. Ni uvumbuzi mwema kwa vyumba vya bati visivyo na dirisha. Lakini hapa tena tofauti ya maneno yatusaidia. Chupa hung'aa sana kwa mwanga wa jua. Kwa mwanga wa anga hutoa kidogo, kwa kuwa mdomo wake wa kupokea ni mdogo. Tena kila tundu katika bati ni mlango wa mvua, na mvua ya Rungwe haisameheki. Kwa Kyela chupa ni shauri la kufikiriwa. Kwa Tukuyu bati zima la kupitisha mwanga lina maungio machache na hupokea anga zaidi.

Jambo la mwisho ni tahadhari. Rungwe ni nchi ya volkano na ardhi yake hutetemeka mara kwa mara. Dirisha kubwa hudhoofisha ukuta wa matofali. Kwa hiyo lisiwekwe karibu na pembe ya nyumba, na lenta ya zege yenye nondo izunguke nyumba nzima bila kukatika. Yafaa kutafuta mwanga, lakini si kwa kuhatarisha waliomo.

Juu ya istilahi

Tumeona kwamba shida si ukosefu wa maneno. Mafundi wanayo mengi: lenta, kenchi, lipu, upenu, mchirizi. Upungufu ni wa maneno ya kutenganisha. Neno upenu, kwa mfano, kwa asili ni mahali palipo chini ya paa lililotokeza, lakini hutumika pia kwa kule kutokeza kwenyewe. Na mwenye nyumba akiambiwa aongeze upenu hajui kama ameambiwa aongeze kivuli au nafasi. Michoro ya nyumba, aghalabu, huandikwa kwa Kiingereza, na mwenye fedha hukubali asichoweza kukisoma.

Kwa hiyo napendekeza maneno manne yafikiriwe. Mwanga wa anga, kwa mwanga uliotawanywa. Mpaka wa anga, kwa mstari ambao nyuma yake anga haionekani. Fungu la anga, kwa sehemu ya mwanga wa nje ifikayo mezani. La nne ni la tundu lililo katika paa. Wengine husema dirisha la paa, na hilo laeleweka, ingawa dirisha ni kitu cha kufunguliwa na kuchungulia, na tundu hili halifunguliwi wala halichunguliwi. Neno mwangaza lina maana ya zamani ambayo leo haisikiki sana: tundu lililoachwa ukutani ili mwanga upite. Ikiwa neno hilo litafufuliwa, twaweza kusema mwangaza wa paa. Najua kwamba mwangaza una maana nyingine pia, na kwamba neno lenye maana mbili humkera mtunga kamusi. Lakini fundi aliye juu ya ngazi na mwenye nyumba aliye chini hawatakosana, maana kwao tundu na kile kinachopita tunduni ni jambo moja.

Mapendekezo haya yapimwe na wajuzi, na ingefaa zaidi kama wanafunzi wa lugha wangekwenda Katumba, Kiwira, Masoko na Mwakaleli wakasikiliza mafundi, Kiswahili chao na Kinyakyusa chao, kabla istilahi haijakatwa mezani. Wazee wetu husema nyumba njema si mlango. Wilayani Rungwe, ambako milango na mabati mazuri yameongezeka sana, yafaa tufuate methali hiyo hadi mwisho wake: tuingie ndani, tukae penye meza ya mtoto, tuinue macho, na tuulize kama kutoka hapo anga yaonekana.